Mto Danubi kwa kalamu mbili: uanze na Fermor au na Magris?

Mtu anayetaka kuufuata Mto Danubi kwa kusoma hukutana mapema na majina mawili: Patrick Leigh Fermor, Mwingereza, na Claudio Magris, Mwitaliano wa mji wa Trieste. Wote wawili wanashuka na mto huo kutoka Ujerumani kuelekea mashariki, na vitabu vyao vilitoka ndani ya muongo mmoja. A Time of Gifts cha Fermor kilitoka mwaka 1977, na mwendelezo wake, Between the Woods and the Water, ukatoka mwaka 1986. Mwaka huohuo Magris alitoa Danubio, ambacho Patrick Creagh alikifasiri kwa Kiingereza kikatoka mwaka 1989 kwa jina la Danube. Ukivisoma kwa kufuatana utadhani ni mito miwili tofauti.

Wapenzi wa vitabu vya safari huniuliza waanze na kipi. Kumwambia mtu kwamba vyote ni vizuri hakumsaidii kitu ikiwa ana pesa ya kitabu kimoja au likizo ya wiki moja. Kwa hiyo jibu langu nalitanguliza. Kama huijui kabisa Ulaya ya Kati, Fermor ndiye atakayekufungulia mlango, lakini usiishie kwake, kwa sababu ukiwa naye peke yake utaupenda mto huo bila kujua yaliyotendeka kandokando yake. Na kama nafasi ni ya kitabu kimoja tu maishani, chukua Magris.

Mto wenyewe una urefu wa kama kilomita 2,850, wa pili kwa urefu barani Ulaya baada ya Volga. Unapita au kugusa nchi 10, na miji mikuu minne imejengwa kandokando yake: Vienna, Bratislava, Budapest na Belgrad. Unaanzia kwa Wajerumani katika Msitu Mweusi, unakatiza nchi zilizowahi kuwa chini ya himaya mbili, ya Habsburg, ukoo wa kifalme wa Austria, na ya Waturuki wa Uthmaniya, kisha unamwaga maji yake Bahari Nyeusi. Ndiyo maana mwandishi hawezi kuusimulia kwa mandhari tu. Kila baada ya saa chache za mwendo kuna lugha nyingine, dini nyingine, na kaburi la mtu aliyepigania mpaka ambao leo haupo.

Tuwatazame wasafiri wenyewe. Desemba 1933 Fermor alikuwa kijana wa miaka 18, amekwishafukuzwa shule, hana kazi. Alipanda meli London, akashukia Uholanzi, akaanza kutembea kwa miguu kwenda Constantinople, jina aliloendelea kulitumia ingawa mji ulikwisha kuitwa Istanbul. Posho yake ilikuwa pauni moja kwa wiki. Alilala mazizini na katika hosteli za bei ya chini. Alipofika Munich aliibiwa mkoba wake, na shajara na pasi zikaenda nao. Kabaila mmoja wa huko akamwonea huruma, akamwandikia barua za kumtambulisha kwa marafiki zake, na tangu hapo safari ikabadilika: usiku huu analala kwenye majani makavu, kesho yake yumo ndani ya kasri, amekalishwa meza moja na mabwana wanaomwuliza habari za London.

Magris hajifanyi mtembezi. Alizaliwa Trieste mwaka 1939, katika mji uliokuwa bandari ya Austria hadi mwaka 1918, na alikuwa profesa wa fasihi ya Kijerumani katika chuo kikuu cha mjini hapo. Kitabu chake cha kwanza, cha mwaka 1963, kilihusu namna waandishi wa Austria walivyoipamba himaya ya Habsburg baada ya kufa kwake. Alipoanza kushuka na Danubi miaka ya 1980, wakati Ulaya bado imegawanyika kati ya Magharibi na Ukomunisti, alikuwa ameusoma mto huo kwa miaka 20 na zaidi. Husafiri akiwa na marafiki, husimama kwenye nyumba, kaburi, mkahawa au kituo cha treni, na kila kituo humkumbusha kitabu, mwandishi au mhalifu. Anaandika kwa sura fupifupi, nyingine za ukurasa mmoja tu, kila moja ina kichwa chake.

Kwa hiyo mmoja alikwenda bila kujua chochote na mwingine akaenda akijua mno. Lakini Fermor naye hakuandika akiwa na miaka 18. Alianza kuichapisha safari hii akiwa na miaka zaidi ya 60, akitegemea kumbukumbu na shajara moja iliyobaki Romania wakati wa vita, ambayo aliipata tena mwaka 1965. Katika vitabu vyake anayeona ni kijana, ila anayesimulia ni mzee msomi aliyepigana Krete na kushiriki kumteka jenerali wa Kijerumani, Heinrich Kreipe, mwaka 1944. Mchanganyiko huo ndio utamu wake, na ndiyo sababu ya kumsoma kwa tahadhari. Katika kitabu cha pili tunamwona akivuka uwanda mkubwa wa Hungaria juu ya farasi wa kuazima. Artemis Cooper, aliyeandika maisha yake mwaka 2012, ameeleza kwamba Fermor mwenyewe alimkiri kuwa farasi huyo alimwongeza kwa sehemu ile ya safari. Kwangu hilo halikiharibu kitabu. Ila anayetafuta ushahidi wa namna Hungaria ilivyokuwa mwaka 1934, siku kwa siku, ajue anasoma kazi ya sanaa.

Sasa tulinganishe mahali kwa mahali, maana hapo ndipo tofauti inaonekana vizuri.

Chanzo cha mto. Fermor hakishughulikii hata kidogo. Yeye anaukuta Danubi Ulm, umekwisha kuwa mto, wakati wa theluji, na jambo la kwanza analofanya ni kupanda ngazi za mnara wa kanisa kuu la mji huo, wenye urefu wa zaidi ya mita 161, atazame nchi ilivyolala chini yake. Magris anatumia sehemu nzima ya kitabu kuuliza mto huu unaanzia wapi. Miji miwili inaugombania. Donaueschingen wanasema ni kwao, kwa sababu ndipo vijito vya Brigach na Breg vinapokutana, na katika bustani ya kasri lao kuna kisima kilichojengewa kwa mawe na kuwekewa sanamu. Furtwangen wanajibu kwamba mto huhesabiwa tangu kwenye tawi lake refu zaidi, nalo ni Breg, linalotoka kwao. Magris analeta ripoti ya rafiki yake, mtaalamu wa mashapo, aliyepanda mlimani kuhakikisha. Akafuata majimaji kwenye nyasi mpaka akafika kwenye nyumba moja, na kwenye nyumba kuna mlizamu unaotiririka, na habari zinasema mlizamu huo unalishwa na koki ambayo hakuna aliyewahi kufanikiwa kuifunga. Magris anakaa na wazo hilo, anajiuliza Bratislava, Budapest na Belgrad zitakuwa katika hali gani siku mtu atakapoifunga koki hiyo.

Napenda sana sehemu hii, kwa sababu inafanya kazi kubwa kwa kitu kidogo. Mataifa yaliyouana kwa kudai asili safi yanaonyeshwa kwamba hata mto wao hauna asili safi. Na jiolojia yenyewe iko upande wake. Karibu na Immendingen maji ya Danubi huzama ardhini, wakati wa kiangazi mto hukauka kabisa hapo, na maji hayo huibuka kusini kwenye chemchemi ya Aach, huenda ziwa Constance na hatimaye Mto Rhine. Sehemu ya Danubi, yaani, humwagika Bahari ya Kaskazini. Ukizisoma kurasa hizo za mwanzo ukafurahi, kitabu chote ni chako. Ukichoka, bado usikiache, nitasema mwishoni ufanyeje.

Ulm hiyohiyo kwa Magris si mnara. Ni mji walikokulia Hans na Sophie Scholl, ndugu wawili wanafunzi waliokatwa vichwa Februari 1943 kwa kusambaza karatasi za kumpinga Hitler.

Vienna. Hapa Fermor hana mpinzani. Anaingia Februari 1934, siku ambazo serikali na wafuasi wa chama cha Kisoshalisti wanapigana kwa bunduki na mizinga, lakini yeye kwanza haelewi kinachoendelea. Hana hela. Analala kwenye bweni la Jeshi la Wokovu pamoja na watu walioshindwa na maisha, na hapo anampata rafiki, Konrad, mtu wa visiwa vya Frisia anayezungumza Kiingereza alichojifunza kwa Shakespeare. Konrad anamshauri apite mlango kwa mlango akiwachora watu picha kwa penseli. Kijana ana haya, anabisha hodi ya kwanza huku moyo unadunda, anachora, analipwa, anaendelea. Baadaye Konrad anapata mtaji wake katika fedha hizo na kuingia biashara ya magendo ya sakarini, kitu kitamu kinachotumika badala ya sukari. Katika kurasa hizo unaupata mji kwa sebule zake, kwa harufu ya vyumba, kwa watu wanaoketi wima kusubiri sura zao zitoke kwenye karatasi. Sijui njia nzuri zaidi ya kumwonyesha msomaji jiji la kigeni.

Magris naye anakwenda mahali ambapo mgeni hafiki: makaburi makuu ya Vienna, kabla ya alfajiri, akifuatana na mwindaji. Sungura na wanyama wengine hula maua ya makaburini, kwa hiyo kuna mtu mwenye kibali cha kuwapunguza kwa bunduki. Wanatembea gizani kati ya wafu, katika uwanja mmoja na walikozikwa Beethoven na Schubert, mkono ukiwa kwenye silaha. Ni sura fupi, na inakueleza jinsi Vienna inavyoishi na wafu wake.

Kutoka Linz mto unaingia Mauthausen, na hapa ndipo hukumu yangu inapokaa. Fermor alipita sehemu ile kati ya Linz na Melk katika majira ya baridi ya mwaka 1934. Kambi ya mateso ya Wanazi hapo Mauthausen ilifunguliwa mwaka 1938. Hakuna haki ya kumlaumu kijana kwa kutoona kisichokuwepo. Bendera za Wanazi aliziona tangu siku ya kwanza Ujerumani, na ana ukurasa usiosahaulika kuhusu kijana mfanyakazi aliyempa mahali pa kulala, ambaye chumba chake kimejaa picha za Hitler, naye anaeleza bila aibu kwamba mwaka uliotangulia kuta hizohizo zilijaa nyundo na mundu, alama za Ukomunisti. Lakini moyo wa kitabu uko kwenye joto la wenyeji, ukarimu, majengo, divai, na mto wenye barafu. Magris anakwenda Mauthausen kwenyewe, kwenye machimbo ya mawe yenye ngazi 186, ambazo wafungwa walipandishwa wakiwa wamebeba mawe mpaka wakafa. Hapambi kitu. Anatoa hoja nzito kwamba huenda kitabu kikubwa kuliko vyote kuhusu kambi hizo ni kile alichoandika Rudolf Höss, mkuu wa Auschwitz, akisubiri kunyongwa, kwa sababu kinaeleza mambo yalivyotendeka bila kuhukumu, na ubaridi huo unatisha kuliko kilio. Unaweza kumpinga. Mimi mwenyewe nasita, kwa sababu ya mashahidi wengi waliosalimika na kuandika. Lakini baada ya ukurasa huo huwezi tena kuusoma mto huu kama mandhari.

Hungaria na Transilvania, ambayo leo ni sehemu ya Romania, ni nchi ya Fermor. Anakwenda kasri hadi kasri, maktaba hadi maktaba, anacheza dansi, anapenda, anaazimwa vitabu. Msomaji wa Kenya atasimama kidogo atakapomkuta Kápolnás, nyumbani kwa Jenő Teleki, mpenzi mkubwa wa nondo na vipepeo. Ukoo huo ndio wa Sámuel Teleki, aliyefika Ziwa Turkana mwaka 1888 na kulipachika jina la Rudolf, mwana wa mfalme wa Austria. Jina lake liko hadi leo kwenye Bonde la Teleki katika Mlima Kenya. Kumbe wale walioichora ramani yetu kwa majina ya kwao walikuwa na mashamba na vijakazi katika nchi hizi, na nyumba zao Fermor amezieleza mpaka mapazia.

Anachokosa hapo ni wakulima wa mashamba hayo. Wanapita, wanaimba, wanavuna, hawazungumzi sana. Ila kuna usiku mmoja milimani ambao ningependa kila msomaji aufikie. Anawakuta Wayahudi kwenye kambi ya wakata magogo, msimamizi pamoja na ndugu yake ambaye ni rabi, na anawaomba wamsomee Kiebrania ili asikie sauti yake. Wanashangaa, kisha wanafurahi, na zaburi zinasomwa kwenye mwanga wa taa porini. Ilikuwa mwaka 1934. Fermor anaiacha sauti ile isikike. Aliyekwisha kumsoma Magris ataisikia kwa namna nyingine.

Kuna mahali wawili hawa wanakaribiana: Milango ya Chuma, pale mto unapopenya kati ya milima ya Serbia na Romania. Fermor alifika kisiwa cha Ada Kaleh, kilichokuwa na Waturuki waliosahaulika na himaya yao iliporudi nyuma. Kulikuwa na msikiti, adhana, wazee wenye tarbushi na kahawa barazani, katikati ya Ulaya. Bwawa la umeme lililokamilika mwaka 1972 likakizamisha kisiwa chote. Kitabu cha pili cha Fermor kinafungwa kwa maombolezo ya kisiwa hicho na ya bonde lote, na kwa kurasa hizo chache mzee anamshika mkono kijana na kumwonyesha kwamba mengi kati ya aliyoyaona hayapo tena. Laiti angefanya hivyo mara nyingi zaidi.

Chini ya hapo Magris anabaki peke yake. Anakwenda Ruse, Bulgaria, kuitafuta nyumba ya utotoni ya Elias Canetti, aliyezaliwa hapo mwaka 1905 katika jamaa ya Wayahudi waliokuwa wakizungumza Kihispania cha zamani, na akapata Nobeli ya fasihi mwaka 1981. Anafika mpaka delta, mpaka Sulina, bandari ya Romania ambako kilomita za Danubi zinaanza kuhesabiwa, maana mto huu hupimwa kuanzia mdomoni kupanda juu. Fermor alikata kona akaingia Bulgaria. Sehemu hiyo ya safari hakuimaliza kuiandika. Ilitolewa baada ya kifo chake, mwaka 2013, kwa jina la The Broken Road, ikihaririwa na Colin Thubron na Artemis Cooper. Ina mng'aro mdogo na ukweli mwingi zaidi, lakini si ya kuanzia.

Sasa suala la lugha, ambalo kwa msomaji wetu ni kubwa. Kiingereza cha Fermor ni kizito. Sentensi moja inaweza kuchukua nusu ukurasa, imejaa majina ya sehemu za kanisa, aina za mavazi, koo za kifalme. Usihangaike na kila neno; mwache akupeleke, maana ya jumla haipotei. Magris katika tafsiri ya Creagh ana sentensi zilizo wazi zaidi, tatizo lake ni majina ya waandishi ambao wengi hatukuwasoma shuleni: Stifter, Grillparzer, Musil. Hapo pia si lazima umjue kila mmoja, kwa sababu yeye humweleza kabla ya kumtumia.

Kwa mazoea yetu ya kusoma habari za safari, Fermor yuko karibu zaidi. Mwaka 1896 Salim bin Abakari alifuatana na bwana wake Mjerumani, Bumiller, hadi Urusi na Siberia, na masimulizi yake ya Kiswahili yalichapishwa na Carl Velten mwaka 1901 katika Safari za Wasuaheli. Ni njia ileile: nilikwenda, nikaona, nikatendewa hivi. Magris ni mtindo mwingine, nusu safari na nusu insha, na huhitaji kusomwa polepole.

Wapo wengine kandokando ya hawa wawili. Nick Thorpe, mwandishi wa habari anayeishi Budapest, aliusafiri mto kinyume, kutoka Bahari Nyeusi kupanda hadi Msitu Mweusi, na kitabu chake cha mwaka 2013, The Danube, kinafaa kwa anayetaka mto wa leo na watu wake wanaoishi: wavuvi, Waroma (wanaoitwa pia Wajipsi), mabwawa. Péter Esterházy wa Hungaria aliandika riwaya ya safari kwenye mto huu mwaka 1991, nayo inajibizana na vitabu vya safari vilivyotangulia, kwa hiyo haisomeki vizuri kabla ya kumsoma Magris.

Kwa hiyo, kwa mwanafunzi au kijana anayeota kusafiri, mpe A Time of Gifts, na usimpe utangulizi wowote. Kwa mwalimu wa historia, mwandishi wa habari, au yeyote aliyewahi kujiuliza mipaka na makabila hutengenezwaje, mpe Danube. Anayeweza kupata vyote viwili asome Fermor mpaka daraja la Esztergom, mpakani mwa Slovakia na Hungaria, ambako kitabu cha kwanza kinakatika, kisha arudi mwanzo na Magris kabla ya kuendelea na kitabu cha pili cha Fermor. Kasri za Transilvania zitasomeka tofauti kabisa. Na ukikwama kwa Magris kwenye zile kurasa za chanzo, ruka uende Mauthausen, halafu Ruse, halafu Sulina. Sura zake zinajitegemea, na utarudi Furtwangen wakati wako.